Manowari Midway: Chombo cha Vita Kilichogeuka Darasa

Ziko khabari ambazo mtu husimuliwa akasadiki nusu, na nusu nyingine akaiweka kando mpaka aone kwa macho yake. Khabari ya manowari ya kubeba ndege ni mojawapo. Mwambie mtu wa pwani, aliyekua akiyatazama majahazi na mashua, kwamba kiko chombo cha bahari chenye uwanja wa ndege juu yake, na chini ya uwanja huo mna mji mzima wa watu 4,500, wanaokula na kulala, wanaougua na kutibiwa, wala hawaoni nchi kavu kwa wiki nyingi. Hapana shaka atauliza: chombo hicho kina ukubwa gani, na chaeleaje?

Sisi tulijaaliwa kukizuru chombo cha namna hiyo katika mji wa San Diego, ulioko kusini-magharibi mwa Marekani, karibu na mpaka wa Mexico. Jina lake ni Midway. Kazi ya vita imekwisha kuiacha, na sasa imefungwa gatini, watu hulipa kiingilio wakapanda na kuitazama. Tumeona si vyema khabari zake tukae nazo peke yetu, kwani mna ndani yake mambo ya kustaajabisha, na mna pia jambo moja ambalo kila mzazi na kila mlezi wa watoto yampasa alifikiri.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Midway ni jina la visiwa vidogo vilivyoko katikati ya bahari kuu ya Pasifiki. Mwezi wa Juni, mwaka 1942, Wamarekani na Wajapani walipigana karibu na visiwa hivyo vita vikubwa vya baharini. Ajabu ya vita vile ni kwamba manowari za pande mbili hazikuonana kwa macho. Ndege ndizo zilizokwenda na kurudi, zikibeba mauti. Vilipokwisha, Wajapani walikuwa wamepoteza manowari nne za kubeba ndege, na Wamarekani moja. Tangu siku ile mataifa yakajua kwamba zama za mizinga mikubwa ya manowari zimepita, na kwamba atakayetawala bahari ni yule mwenye kuweza kurusha ndege kutoka juu ya maji.

Manowari hii ikapewa jina hilo kwa ukumbusho. Ilianza kujengwa mwezi wa Oktoba 1943 huko Newport News katika jimbo la Virginia, ikashushwa majini tarehe 20 Machi 1945, na ikaingia kazini tarehe 10 Septemba 1945. Msomaji aangalie tarehe hizi. Wajapani walitia saini hati ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba mwaka ule ule. Basi chombo kilichojengwa kwa haraka kwa ajili ya vita vile kilifika siku nane baada ya vita kwisha.

Lakini silaha ikisha kutengenezwa haikosi kazi. Midway ilitumika karibu miaka 47, mpaka ilipostaafishwa tarehe 11 Aprili 1992, na katika karne ya 20 hapana manowari ya kubeba ndege ya Marekani iliyotumika muda mrefu kuliko huo. Vijana wapatao 225,000 walifanya kazi ndani yake kwa zamu za miaka hiyo, na wengi wao walipanda wakiwa na umri wa miaka 19 au 20, yaani umri wa vijana wetu wanaomaliza shule.

UKUBWA WAKE NA MAISHA YA NDANI

Urefu wake ni futi 1,001, ambao ni kama mita 305. Mtu akisimama omo akamtazama mwenziwe aliyesimama tezi, hamtambui ila kwa nguo. Sitaha ya juu, ambayo ndiyo uwanja wa ndege, ina eneo la kiasi cha ekari nne. Ilipoanza kazi uzito wake ulikuwa kama tani 45,000. Ikazidi kuongezwa na kubadilishwa, hata ilipostaafu ulikuwa umekaribia tani 70,000. Mitambo yake ilipata mvuke kutoka katika matanuri 12, na mvuke huo ukazungusha rafadha nne zilizoipeleka kwa mwendo wa maili 33 za bahari kwa saa. Jahazi letu lenye upepo mzuri wa tanga halifiki nusu ya mwendo huo.

Mgeni huingilia sitaha ya kati, ambayo zamani ilikuwa banda la kuwekea ndege na kuzitengeneza. Kutoka hapo hushuka kwa ngazi nyembamba za chuma mpaka kwenye vyumba vya mabaharia, na huko ndiko alikoona ajabu mtu aliyedhani kwamba kukaa katika meli kubwa ni kukaa kwa raha. Vitanda vimepangwa kimoja juu ya chenzake, vitatu vitatu, na baina ya kitanda na kitanda hapana nafasi ya mtu kuketi akainua kichwa. Mali yote ya baharia ilikuwa katika kisanduku kidogo chini ya godoro. Juu yake ndege zilikuwa zikitua usiku kwa kishindo, na chini yake mitambo ikinguruma, naye ilimpasa alale ili kesho aamkie zamu.

Tuliona jiko, ambalo zamani lilitoa sahani kama 13,000 za chakula kwa siku, kwani watu wa zamu za usiku nao hula. Tuliona chumba cha daktari wa meno, chumba cha kupasulia wagonjwa, dobi, posta, kanisa dogo, na jela ya wakosaji. Huko mbele tuliona minyororo ya nanga. Nanga moja ina uzito wa kama tani 20, na kila pete ya mnyororo wake yazidi ratili 150, uzito wa mtu mzima. Mabaharia wetu wanaoivuta nanga kwa mikono wakiimba wangecheka, kisha wangenyamaza.

Jambo moja lilitupendeza mno. Wengi wa wanaowaongoza wageni ni wazee waliotumika katika manowari hii au nyingine mfano wake, nao hufanya kazi hiyo bila ujira. Mzee huketi kando ya mtambo aliouhudumia akiwa kijana, akauliza, “Je, una swali?” Ukiwa na swali, atakueleza mpaka utosheke.

NDEGE ZILIVYORUKA NA KUTUA

Uwanja wa ndege wa nchi kavu huwa na urefu wa maili na zaidi. Juu ya sitaha nafasi hiyo haipo. Basi yalitumika manati. Wasomaji wetu wanayajua manati ya watoto wanaopigia ndege wa mitini. Haya ni manati ya mvuke, yaliyozikwa ndani ya sitaha. Ndege hufungwa kwenye kigari kidogo, rubani akatia mitambo nguvu zote, kisha mvuke huachiliwa, na ndege nzito ikafikia mwendo wa maili 150 kwa saa kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu.

Kutua ni kugumu zaidi. Chini ya mkia wa ndege pana kulabu, na juu ya sitaha zimetandikwa kamba nene za chuma. Ndege hushuka kwa kasi, kulabu ikadaka kamba mojawapo, na ndege ikasimama mara moja kama punda aliyevutwa lijamu. Nasi tulijifunza jambo ambalo hatukulitazamia: rubani anapogusa sitaha hapunguzi nguvu za mitambo, bali huzizidisha, kwani kulabu ikizikosa kamba zote hana budi aruke tena papo hapo, ama sivyo ataangukia baharini. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1950, njia ya kutulia ilikatwa upya ikaelekezwa upande, ili ndege iliyokosa kamba isizigonge zilizoegeshwa mbele.

Kazi yote hii ilifanywa na vijana waliovaa fulana za rangi mbalimbali, kila rangi na kazi yake: njano kwa wanaoongoza ndege, zambarau kwa wanaotia mafuta, nyekundu kwa wenye mabomu. Kelele za mitambo hazikuruhusu mtu kumsikia mwenziwe, kwa hivyo walisemezana kwa ishara za mikono. Aliyesahau kutazama nyuma yake aliweza kupeperushwa baharini na moto wa ndege. Nidhamu tuliyoisikia hapo ni ya kuigwa, kila mtu akijua mahali pake na kazi yake, na roho ya mmoja ikiwa katika uangalifu wa mwingine.

VITA ILIVYOPIGANA

Baada ya kustaajabu, yampasa mtu aulize: nguvu zote hizi zilifanya nini? Midway ilikwenda katika vita vya Vietnam mwaka 1965, ikarudi tena na tena mpaka mwaka 1973. Tarehe 17 Juni 1965 marubani wake waliangusha ndege za adui za aina ya MiG, na marubani wake ndio walioangusha ya mwisho katika vita vile, tarehe 12 Januari 1973. Mwaka 1979 ililetwa katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani zetu, wakati mambo yalipochafuka katika nchi za Bara Arabu na Iran. Na mwezi wa Januari 1991 ilikuwa katika Ghuba, ikarusha ndege katika vita vya kuwatoa Wairaki katika Kuwait. Ndege zake ziliruka safari za vita zaidi ya 3,000.

Mtu akisimama juu ya sitaha leo, chini ya jua zuri la San Diego, watoto wakipanda katika viti vya marubani na wazazi wakiwapiga picha, ni rahisi kusahau kwamba kila ndege iliyorushwa ikiwa na mabomu ilirudi ikiwa haina. Mabomu yalibaki mahali. Kijana aliyeyafunga chini ya bawa hakuona yalipoangukia. Palikuwa mbali naye maili nyingi, nyuma ya upeo wa macho. Wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na kutoka juu ya sitaha nyasi hazionekani. Hilo si kosa la chombo, wala hatusemi ili kuwadharau wazee wale wanaotueleza kwa adabu. Twasema kwa sababu chuma hakisemi, na mtazamaji asipouliza ataondoka na nusu ya khabari.

NAHODHA NA NDEGE NDOGO

Miongoni mwa khabari zote za Midway, hii ndiyo ambayo tungependa isomwe kwa sauti katika kila nyumba.

Mwisho wa mwezi wa Aprili, mwaka 1975, mji wa Saigon ulikuwa unaanguka. Watu wengi waliokuwa wamefuatana na serikali iliyoshindwa walikimbia kwa kila chombo walichokipata. Midway iliwekwa katika bahari ya karibu ili kuwapokea wakimbizi, na watu zaidi ya 3,000 waliletwa juu yake kwa helikopta, wanaume na wanawake, wazee na watoto, wengine hawana kitu ila nguo walizovaa. Sitaha ikajaa helikopta hata pasipatikane pa kupita.

Nahodha wa manowari wakati ule alikuwa Lawrence Chambers, Mmarekani mweusi. Midway ilipoanza kazi mwaka 1945, weusi wengi katika jeshi la majini la Marekani waliwekwa kupika na kuwaandikia meza maofisa weupe. Chambers alimaliza masomo katika chuo cha maofisa wa majini mwaka 1952, akiwa mweusi wa pili kukimaliza chuo kile, na alikuwa mweusi wa kwanza kupewa manowari ya kubeba ndege. Siku hizo za Saigon alikuwa hajatimiza hata miezi miwili katika cheo hicho.

Ikatokea ndege ndogo ya injini moja, iliyotengenezwa kwa watu wawili, ikaizunguka manowari. Ndani yake alikuwamo Meja Buang, mwanajeshi wa Vietnam ya Kusini, pamoja na mkewe na watoto wao watano. Hawakuwa na njia ya kusemezana na manowari kwa redio. Meja akaandika barua na kuitupa juu ya sitaha, upepo ukaichukua baharini. Akatupa nyingine, nayo ikapotea. Mara ya mwisho akaifunga pamoja na bastola ili iwe nzito, ikafika. Aliomba helikopta zisogezwe apate kutua, kwani mafuta yake yalimtosha kwa muda wa saa moja tu, naye ana mke na watoto watano.

Msomaji atie akilini mizani iliyokuwa mbele ya nahodha. Ndege ile haikuwa na kulabu, wala rubani wake hakuwa amepata kutua juu ya manowari. Angeweza kuambiwa atue majini karibu, na boti ziende kumwokoa. Lakini ndege yenye magurudumu yasiyokunjika ikigusa maji hupinduka, na watoto watano waliobanwa nyuma ya kiti wangetokaje? Kwa upande wa pili, helikopta nyingi hazikuweza kuondolewa upesi ila kwa kusukumwa baharini, nazo ni mali ya serikali ya thamani ya mamilioni ya dola.

Nahodha akatoa amri zisukumwe. Mabaharia, na kila mtu aliyeweza kusukuma, wakazitumbukiza baharini moja baada ya moja. Akaamuru kamba za chuma ziondolewe sitahani zisije zikaikwaza ndege, na manowari ikaelekezwa kwenye upepo na kutiwa mwendo, ili ndege itue polepole kadiri iwezekanavyo. Meja Buang akashuka, magurudumu yakagusa, ndege ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikabingirika na kusimama ikiwa na nafasi mbele yake. Watu wote walioko sitahani wakapiga kelele za furaha. Kisha mabaharia wakachangishana fedha, wakaisaidia familia ile kuanza maisha mapya katika Marekani.

Chambers mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipotoa amri ile alidhani atashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alijua hivyo, na akaitoa. Hakushtakiwa, na baadaye akapandishwa cheo cha admirali.

JINSI ILIVYOSALIMIKA

Manowari nyingi za kubeba ndege mwisho wake ni kukatwakatwa. Midway ilikuwa na dada wawili waliojengwa kwa ramani moja nayo, na wote wawili wamekwisha kuwa vyuma chakavu. Nyingine iitwayo Oriskany ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2006 karibu na Florida, iwe makazi ya samaki. Na ng’ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, mjini Mumbai, ilikuwako Vikrant, manowari ya kwanza ya kubeba ndege ya India. Ilifanywa makumbusho mwaka 2001, ikafungwa mwaka 2012 kwa kuwa haikuwa salama tena kwa wageni, na mwaka 2014 ikaanza kuvunjwa. Baadhi ya chuma chake kiliyeyushwa kikatumiwa kutengenezea pikipiki za Bajaj, kiwanda ambacho jina lake lajulikana mno katika barabara zetu.

Midway yenyewe, baada ya kustaafu, ilikaa imefungwa huko Bremerton, kaskazini, zaidi ya miaka kumi. Watu wa San Diego waliiomba, wakachangisha fedha, wakavumilia kuulizwa maswali na kutakiwa vibali kwa miaka mingi. Ikakokotwa mpaka mjini kwao, ikafika Januari 2004, na tarehe 7 Juni 2004 ikafunguliwa. Katika mwaka wa kawaida watu zaidi ya milioni moja huizuru. Makumbusho huendeshwa kwa viingilio na michango, na wazee wanaojitolea hukwangua kutu na kupaka rangi ndege zaidi ya 30 zilizomo. Watoto wa shule huletwa kujifunza hesabu na elimu ya maumbile kwa mfano wa manati na mitambo, na wengine hulala humo usiku mmoja katika vitanda vya mabaharia.

NENO KWA WAZAZI

Basi tumwambie nini mtoto akitoka mahali kama pale, macho yakimng’aa, akisema kwamba anataka kuwa rubani wa vita? Tusimkemee. Kustaajabia kazi ya akili na mikono ya binadamu ni mwanzo wa elimu, na watu wasiostaajabu hawajifunzi. Lakini tumfundishe kwamba kila akionapo chombo chenye nguvu, kiwe manowari, kiwe gari, kiwe kalamu ya mwenye cheo, aulize maswali mawili: kilimfikia nani, na nani alitoa amri?

Sitaha ile ni moja. Juu yake zilirushwa ndege zilizobeba mauti, na juu yake ilitua ndege iliyobeba watoto watano. Chuma hakikubadilika baina ya siku ile na siku hii. Kilichotofautisha ni neno la mtu mmoja, aliyepima helikopta na roho za watu, akajua ipi hununuliwa tena na ipi hainunuliwi. Mtoto wetu huenda asipate kamwe kuamrisha manowari. Lakini atapata nyumba, atapata duka, atapata ofisi, na siku itamfikia ambayo itampasa asukume baharini kitu cha thamani ili mtu aokoke. Yafaa aifikirie siku hiyo tangu sasa.

Ndege ndogo ya Meja Buang haikutupwa. Imehifadhiwa katika makumbusho ya ndege za jeshi la majini mjini Pensacola, Florida, na mtu akiitazama haoni cha ajabu: bawa moja la juu, injini moja, viti viwili. Zile helikopta ziko chini ya bahari, na hapana anayeziulizia.